Uzi wa Kijani Ndani ya Koti Langu

Mwaju mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko chumbani unapiga pasi na unaimba, na sauti, samahani mwanangu, hukurithi kwa bibi yako. Kati yetu kuna ukuta mmoja tu, na bado nimeona nikuandikie. Mtu aliyeishi kwa mdomo wake miaka yote hii, asubuhi mahakamani, jioni sokoni akigombania bei ya nyanya, leo mdomo umemshinda. Makubwa haya.

Ni Jumapili, saa kumi kasoro. Unaijua Kariakoo ya saa hizi. Maduka yamefungwa, machinga wamekunja turubai zao, mvua imenyesha ikakatika, na jua limerudi limelegea. Mtaa umekaa kama mtu aliyeamka usingizini hajui ni asubuhi au jioni. Pazia linapanda na kushuka. Nimejifunga khanga, chai imepoa, na kila nikiandika mstari nasinzia kidogo. Nikizinduka nakuona mdogo, halafu mkubwa, halafu mdogo tena, umekaa mkekani.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Hayo shangazi zako wamekuhubiria tangu Ijumaa mpaka ukaanza kuwajibu kwa macho. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Tabora kuanza kazi ya wakili wa serikali, kazi niliyoifanya mimi miaka kumi na mmoja kabla sijavuka upande wa pili na kuanza kuwatetea watu wa aina ile ile niliyokuwa naishtaki. Unakwenda kukaa kwenye kiti changu. Nataka ujue nilifanya nini nikiwa nimekikalia.

Kuna hadithi yangu moja unayoisimulia vizuri kuliko mimi mwenyewe. Kwamba mama yako alimshtaki mtu asiye na hatia, mtu akafungwa, baadaye mama akagundua kosa, roho ikamuuma, akaacha kazi ya serikali na akahangaika mpaka mtu yule akatoka. Uliisimulia shuleni. Uliisimulia chuoni. Mwaka huu umeisimulia kwenye usaili, ukarudi nyumbani mbio na viatu mkononi ukaniambia, "Mama, wale wazee waliacha kuandika. Mmoja akavua miwani kabisa!" Ulikuwa unacheka kwa furaha. Mimi nikaenda jikoni nikaosha sufuria lililokuwa safi.

Mwaju, hadithi ile ni ya kweli isipokuwa mahali pamoja. Sikugundua baadaye. Niligundua kabla ya hukumu, nikanyamaza.

Hilo ndilo nililotaka kukwambia. Nimeliandika, sasa nikueleze lilivyokuwa.

Mtu mwenyewe unamjua, Fundi Shomari wa hapo chini barazani, aliyekushonea sare tangu darasa la sita na bado anakuita "mkwe wangu" ingawa hana mtoto wa kiume. Wakati ule alikuwa kijana mwembamba, na cherehani yake ilikuwa kichochoroni kule Mchikichini, anapunguza nguo za mtumba. Mtu ananunua koti la mzungu mwenye mabega ya kabati, anampelekea, kesho yake linamkaa kama alizaliwa nalo. Basi usiku mmoja bwana mmoja akavamiwa Msimbazi na watu wenye mapanga, wakamvua koti na kila alichokuwa nacho. Baada ya wiki mbili akapita Mchikichini, akaona koti jeusi limening'inia juu ya cherehani ya Shomari. Akaligeuza ndani. Bitana ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kijani. Akapiga kelele, "Koti langu hili! Uzi huu kaushona mke wangu kwa mkono wake!" Watu wakajaa, polisi wakaitwa, na Shomari akachukuliwa na utepe wa kupimia bado uko shingoni.

Kesi ikaja mezani kwangu. Unyang'anyi wa kutumia silaha, na ushahidi wenyewe ni lile koti. Shomari hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani amekunja mikono kama yuko msikitini, nikamwuliza maswali.

"Fundi, kwa nini ushone koti jeusi kwa uzi wa kijani?"

"Mzee Kanji alinipa katoni nzima, mheshimiwa. Sare za shule fulani zilikataliwa, uzi ukambakia dukani. Mimi nashonea bitana, ndani huko nani anaona? Makoti yangu yote yana uzi huo."

"Yote?"

"Yote, mheshimiwa."

"Yako wapi?"

"Watu wameyavaa."

Nikageukia mahakama, nikasema, "Kwa hiyo Dar nzima inatembea na uzi wa fundi huyu kifuani." Watu wakacheka. Hata karani alicheka. Naikumbuka raha niliyoisikia, raha ya tumboni, kama mtu aliyekunywa kitu cha moto wakati wa baridi. Jihadhari na raha hiyo, mwanangu. Mimi ilinilevya.

Mzee Kanji nilimjua. Duka lake la vifungo na nyuzi lilikuwa kona ile ya kushukia sokoni, na mimi nilitumwa pale tangu sijaota meno ya ukubwani. Alikuwa Mhindi mpole, mwenye doa jekundu kwenye paji la uso kila asubuhi, na ukinunua vifungo vitano anakuongezea cha sita ukachezee. Miezi ya kesi ile alikuwa India akitibiwa macho. Nililijua hilo. Lakini mahakamani nilisema hivi: shahidi ambaye hakuletwa, mahakama imhesabu hayupo. Unaona nilivyoichonga? Sikusema uongo. Niliupanga ukweli mpaka ukafanya kazi ya uongo, nikajiona hodari.

Sasa jioni ya kuamkia hukumu. Mvua ilinikuta njiani nikarudi nimelowa chapachapa. Maghribi ilikuwa inaadhiniwa, umeme umekatika, nimewasha kandili. Nikavua koti langu jeusi, lile la mahakamani, nikaligeuza ndani nje nikalitandaza kwenye kiti likauke. Nikageuka kukuandalia uji. Nilipogeuka tena nikaona bitana inang'aa kwenye ile taa, kijani, mshono mrefu kuanzia kwapani mpaka chini.

Nilikaa chini, Mwaju.

Koti lile lilikuwa mtumba. Nilikuwa nimelinunua Mchikichini, limefunguliwa kutoka kwenye robota la mitumba asubuhi ile ile, na bibi yako ndiye aliyelipeleka kupunguzwa mabega. Hakuniambia kwa fundi yupi na mimi sikumwuliza. Kwa hiyo muda wote nilipokuwa nawachekesha watu kwamba Dar nzima inatembea na uzi wa fundi kifuani, mimi mwenyewe nilikuwa nimeuvaa. Nilikuwa shahidi wake. Pengine shahidi pekee aliyekuwa ndani ya chumba kile.

Nilichotakiwa kufanya kinaeleweka, hata wewe kabla ya chuo ungekijua. Kesho yake ningesimama kabla hakimu hajafungua jalada, nikaomba ruhusa, nikavua koti, nikamwonyesha. Ingechukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Lakini kazini nilikuwa nimewaambia kwamba koti lile nililetewa na binamu yangu kutoka London. Binamu mwenyewe sina. Nilikuwa mtoto wa Kariakoo niliyekua na nguo za mtumba hadi soksi, nimeingia kwenye ofisi ya wenye viatu vinavyolia sakafuni, na siku ya kwanza mwenzangu mmoja alinisifia koti, na ulimi ukateleza. Toka hapo nikawa na binamu. Wakawa wananiuliza hali yake, mimi nawajibu hajambo, kapata mtoto wa pili! Kuvua koti lile mahakamani ilikuwa ni kusema kwamba nimevaa mtumba, na kwamba mimi mwongo. Wewe umezaliwa wakati watu wanapiga picha na mtumba wanajisifu wameokota kitu kikali, huwezi kuelewa ile aibu. Siombi uielewe. Ilikuwa aibu ya kijinga, na mtu alifungwa kwa ajili yake.

Kwenye vitabu utasoma kwamba watu huonewa kwa rushwa, kwa chuki, kwa amri za wakubwa. Hayo yapo, utayakuta. Mimi sikupewa hata soda. Niliona haya tu.

Nikachukua wembe nikaufumua ule uzi wote, taratibu, mmoja mmoja, huku nakusikia unakunywa uji kwa kelele. Ulikuwa na miaka mitano. Ulipomaliza ukaja ukaokota zile nyuzi chini, ukamfungia mwanasesere wako kichwani. "Mama, ona, ana nywele za majani." Nikakwambia mzuri sana. Nikatunga uzi mweusi kwenye sindano nikaishona upya bitana yangu, na mvua inanyesha, na kwa kweli naikumbuka ile jioni ilikuwa tulivu na nzuri, nyumba inanuka moshi wa kandili na uji wa pilipili manga. Nashindwa kuisamehe kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

Asubuhi nikaenda nimelivaa. Hakimu alisoma kurasa zake bila kuinua macho. Miaka thelathini. Shomari hakulia, wala hakuniangalia. Aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaiangalia tena upande wa pili, mpaka askari akamgusa bega.

Baada ya hapo nilianza kuota ndoto moja. Niko Mchikichini, soko limejaa makoti lakini hakuna watu, makoti yamening'inia safu kwa safu mpaka mtoni, na upepo unapita unayageuza ndani nje. Sikuwahi kukuta uzi wa kijani katika ndoto ile. Natafuta, natafuta, kote nyuzi nyeusi, na ninajua ni mimi niliyezishona zote. Uliniuliza mara ngapi, mama mbona unaamka unatafuta nguo? Nikakujibu naota nimechelewa kazini.

Nilivumilia miaka miwili, nikaacha kazi. Watu waliuita ujasiri. Ukweli ni kwamba kila nikisimama na kusema "Mheshimiwa" nilisikia vile vicheko. Nikahamia utetezi, na huko ndiko nilikojifunza kusikiliza. Mteja wangu mmoja wa mwanzo alikuwa mama wa makamo aliyeshtakiwa kuiba vitenge kwenye duka la Mwarabu hapo mtaa wa pili. Nikajiandaa kumtetea kwamba hakuiba. Akanishika mkono, "Wakili, vitatu nimeiba, Mungu ananiona, sikufichi. Lakini hicho cha nne wananisingizia, tena kibaya, maua gani yale? Mimi siwezi kuiba kitu kama kile." Nilicheka mpaka nikatoa machozi, halafu nikasoma upya jalada lote, na kweli, kitenge cha nne hakikuwa kwenye orodha ya kwanza ya mwenye duka. Aliongezea mwenyewe baadaye. Ningekuwa bado mwendesha mashtaka nisingeliona. Ningesema mwizi ni mwizi, vitatu au vinne kuna tofauti gani? Tofauti ipo, mwanangu, nayo ndiyo kazi yako huko uendako. Usimfunge mtu hata kwa kitenge kimoja asichoiba.

Rufaa ya Shomari niliisukuma kwa mgongo wa wakili mwenzangu, maana mimi niliyemshtaki sikuruhusiwa kuigusa. Nilimnong'oneza aangalie jambo moja tu: yule bwana aliutaja uzi wa kijani kwa polisi kabla ya kuliona koti, au baada? Ilikuwa baada. Jaji alilishika hapo hapo. Shomari akatoka, ameshakaa ndani miaka mitano na ushee. Wakili mwenzangu, Mungu amrehemu, akamwambia, "Aliyekutoa ni yule mama aliyekufunga." Shomari akaja kunishukuru hapa mlangoni, na mimi nikapokea shukrani. Nilisema, "Nilikuja kujua baadaye, fundi, nisamehe." Hilo neno lilinitoka lenyewe, kama lile la binamu. Na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, mtoto wa miaka kumi, macho makubwa, unasikiliza. Hapo ndipo ulipoichukulia hadithi yako.

Ndiyo nikamtafutia nafasi pale barazani. Ndiyo sare zako zote akashona yeye. Kila ulipovaa sketi mpya mimi nilikuwa nachungulia mshono wa ndani.

Hapa nimeweka kalamu chini, Mwaju, na sasa nimeishika tena, ni saa kumi na mbili kasoro. Nilipofika kwenye hizo sketi niliona aibu nyingine. Namwandikia mtoto kabla sijamwambia mwenye jambo lake! Nikavaa viatu nikashuka. Uliniuliza naenda wapi, nikakwambia dukani.

Alikuwepo, amefungua jioni tu kama kawaida yake ya Jumapili, anapinda suruali. Akasema, "Karibu Mama Mwaju, mtoto kesho eh? Nimemwombea." Nikamwambia, Fundi, simamisha mashine. Akaisimamisha. Nikamwambia yote, nimesimama, bila kupanga maneno, koti, kandili, wembe. Hata binamu wa London nilimtaja.

Akauliza, "Jioni ya kuamkia hukumu?"

"Ndiyo."

"Koti ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo. Na asubuhi yake nikaja nimelivaa."

Akaitazama ile suruali mkononi. "Mke wangu aliolewa nikiwa ndani, mwaka wa tatu. Sikumlaumu. Thelathini ni mingi, nani atasubiri?" Akaiweka gotini. "Mama Mwaju, mimi nilikuletea kuku. Unakumbuka? Siku ya kwanza kutoka. Nilimbeba toka Mchikichini kwa miguu, najiambia nakwenda kumwona mtu aliyenitoa."

Nikamwambia akitaka kunipeleka mbele ya sheria nitaandika maelezo yangu mwenyewe na kusaini, wala sitaweka wakili. Sikumwomba msamaha. Nilishauomba mara moja kwa uongo, nikauchukua, na sikuona haki ya kuomba wa pili. Akasema, "Leo sina la kukwambia. Niache kwanza." Nikageuka kuondoka. Nimefika kwenye ngazi, akaniita.

"Mtoto anajua?"

"Namwandikia barua. Nitaiweka kwenye begi lake aisome njiani."

Basi akakasirika, Mwaju. Miaka yote hii sijawahi kumwona Shomari amekasirika. Alisimama, suruali ikaanguka chini. "Usimpe mtoto karatasi! Mimi nilisomewa karatasi, na aliyesoma hakuniangalia usoni, na wewe hukuniangalia usoni. Leo angalau umekuja na uso wako. Mwanao unampa karatasi aisomee kwenye basi, katikati ya watu, peke yake? Nenda kamwambie ukimtazama."

Nimerudi. Nimepita mlangoni kwako, umeniuliza hicho nilichofuata dukani kiko wapi, nami nikapita kama sikusikia.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kukwambia kwamba ukifika Tabora, ukaamua kazi hii huitaki tena, au mimi hunitaki, sitakulaumu. Na kwamba hadithi ile uliyowaambia wale wazee usiirudie, au uirudie yote. Nilitaka pia kukuomba unipigie simu ukishasoma. Ndivyo nilivyopanga, wewe uwe mbali, mimi nisione uso wako unavyobadilika. Naogopa uso wako, Mwaju. Majaji wote niliosimama mbele yao sijaogopa namna hii.

Lakini fundi amekataa, na katika jambo hili nikimbishia tena nitakuwa nimemfunga mara ya pili.

Kwa hiyo barua hii haiendi begini. Nakuita sasa hivi. Nitakuambia ukae, na wewe utauliza kuna nini, na mimi nitakutazama usoni na kuanza.